Kasi ya tovuti na nafasi yako kwenye Google: mwongozo kamili, kuanzia kupima hadi kusubiri siku 28

Kosa linalorudiwa ni hili. Mtu anafungua PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti, anakuta alama 38 nyekundu kati ya 100, anashtuka. Anaweka plagini (programu ndogo za nyongeza) tatu za kuongeza kasi, anabana picha zote, na wiki moja baadaye anapata 91 ya kijani. Anakaa kusubiri kupanda kwenye Google, na hapandi. Search Console, huduma ya Google inayompa mwenye tovuti ripoti za tovuti yake, nayo inaendelea kumwambia kwamba kurasa zake kwenye simu ni mbovu.

Si kwamba hakufanya kazi. Alihangaika na namba ambayo Google haiitumii kupanga matokeo. Mwongozo huu unafuata namba zinazotumika, na unazifuata kwa mpangilio: seva kwanza, kisha picha ya juu, kisha skripti, kisha vitu vinavyoruka. Mifano ni ya WordPress kwa kuwa maduka, shule na magazeti mengi ya mtandaoni ya kwetu yamejengwa humo. Mwenye mfumo mwingine atabadilisha majina ya vitufe tu.

## Kasi ina uzito gani hasa

Google huangalia vipimo vitatu, kwa pamoja huitwa Core Web Vitals:

- LCP: muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo cha kwanza kionekane. Mara nyingi ni picha ya juu au kichwa cha habari. Sekunde 2.5 kushuka chini ni nzuri, kuzidi 4 ni mbaya.
- INP: muda kati ya msomaji kugusa kitu na ukurasa kuitikia machoni pake. Milisekunde 200 kushuka chini ni nzuri, kuzidi 500 ni mbaya.
- CLS: kiasi ambacho vitu huhama bila msomaji kutaka, kama tangazo linaloingia na kusukuma aya chini. Hiki si kipimo cha muda, ni alama tu. 0.1 kushuka chini ni nzuri, kuzidi 0.25 ni mbaya.

Ili ufaulu kipimo, ziara 75 katika kila 100 ziwe ndani ya kiwango kizuri. Ukifaulu viwili ukaanguka kimoja, ukurasa mzima umeanguka. INP ilichukua nafasi ya FID, kipimo cha zamani cha mguso wa kwanza, mwezi Machi 2024, kwa hiyo maelekezo yoyote yanayokutaka urekebishe FID yamepitwa na wakati.

Sasa usidanganyike na wauza huduma. Ukurasa wenye jibu bora unaweza kukaa juu ya ukurasa wenye kasi kubwa, na Google wenyewe wamelisema hilo waziwazi. Kasi huamua pale kurasa nyingi zinapolingana kwa majibu. Mtu akitafuta bei ya saruji Mwanza na kurasa kumi zote zina bei ileile, hapo ndipo sekunde mbili zinapoweza kukupandisha kutoka nafasi ya tisa.

Kuna njia ya pili ambayo watu huisahau. Seva ikijibu taratibu, roboti ya Google hupunguza idadi ya kurasa inazosoma kwa siku. Tovuti ya kurasa 40 haitahisi kitu. Gazeti au duka lenye maelfu ya kurasa litaona habari mpya zikichelewa kuingia kwenye matokeo.

## Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Search Console iliyokwisha kuthibitishwa kwamba tovuti ni yako
- PageSpeed Insights, inapatikana bure kwenye pagespeed.web.dev
- Kompyuta yenye Chrome
- Simu ya Android ya bei ya chini, yenye RAM ya GB 2 au 3, na bando la kawaida. Usipimie simu yako ya gharama kwenye Wi-Fi ya ofisini, itakudanganya
- Nywila ya dashibodi ya WordPress na ya paneli ya hostingi
- Programu ya kupunguza picha. Squoosh inatosha, inafanya kazi ndani ya kivinjari na haihitaji kulipia
- Jedwali lenye safu tano: tarehe, ukurasa, kipimo cha awali, ulichobadilisha, kipimo kipya

Hilo jedwali la mwisho ndilo watu hulidharau, halafu baada ya mwezi hawajui kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

## Hatua ya 1: Soma kipimo cha wasomaji, uache duara la rangi

PageSpeed Insights huonyesha vitu viwili kwenye ukurasa mmoja, na mkanganyiko wote huanzia hapo.

Sehemu ya juu ni yale waliyoyapata watu halisi waliofungua tovuti yako kwa Chrome katika siku 28 zilizopita. Sehemu ya chini, yenye duara la alama 0 hadi 100, ni jaribio la maabara: kompyuta ya Google inaigiza simu ya kiwango cha kati kwenye mtandao wa 4G wa kusuasua, inafungua ukurasa mara moja, basi. Kwenye kupanga matokeo, Google hutumia zile za juu. Duara ni la fundi, kumsaidia kujua wapi pa kushika.

Ndiyo maana unaweza kuwa na 95 chini na bado ukaanguka juu. Na kinyume chake hutokea pia: tovuti yenye 60 ambayo wasomaji wake wote wana simu nzuri na mtandao mzuri inafaulu bila wasiwasi.

Juu kuna chaguo mbili, data ya ukurasa huu peke yake na data ya tovuti nzima. Ukurasa wenye wageni wachache hauna data yake, kwa hiyo utaonyeshwa ya tovuti nzima. Kama hata hiyo haipo, wageni wako bado ni wachache mno. Fanya kazi na maabara, ila pima mara tano na uchukue namba ya katikati, maana jaribio moja linaweza kutofautiana na linalofuata kwa alama kumi bila wewe kugusa kitu.

Jambo moja la pembeni: Chrome ya kwenye iPhone haimo kwenye hesabu hizi. Wanaokupimia ni watu wa Android na wa kompyuta.

Umefanikiwa ukiwa umeandika kwenye jedwali ni kipimo kipi kati ya vitatu kinachoanguka, kwenye simu na kwenye kompyuta. Kama ni LCP peke yake, hatua ya 7 unaweza kuiruka, na ya 6 uifikie tu kama hatua ya 5 haikutosha.

## Hatua ya 2: Chagua ukurasa mmoja wa kila aina

Wengi hupima ukurasa wa mwanzo tu. Wageni wa Google hawaingilii huko, wanaingilia kwenye makala na kwenye bidhaa.

Chagua makala moja, bidhaa au huduma moja, ukurasa mmoja wa orodha, na ule wa mwanzo. Ripoti ya Core Web Vitals ndani ya Search Console nayo hukusanya kurasa zinazofanana kwenye kundi moja, kwa sababu kurasa za aina moja hutumia kiolezo kimoja na huugua ugonjwa mmoja. Ukirekebisha kiolezo cha makala, makala 300 zinapona kwa mpigo.

## Hatua ya 3: Chukua bakapu

Faili zote na hifadhidata, zipakuliwe kwenye kompyuta yako, si kubaki kwenye seva ileile. Kama hostingi yako ina sehemu ya kutengeneza nakala ya majaribio, itumie. Mengi ya yanayofuata yanaweza kuvunja menyu au fomu ya malipo, na ni heri yavunjike mahali ambapo mteja haoni.

## Hatua ya 4: Seva

Kabla picha hazijaanza kushuka, seva lazima itoe baiti ya kwanza. Lenga milisekunde 800 au chini. Seva ikila sekunde 2, zimebaki nusu sekunde kwa mambo mengine yote, na LCP nzuri haiwezekani hata ubane picha hadi zifanane na stempu.

Fanya hesabu hii. Tuseme ujumbe wa kwenda na kurudi kati ya simu iliyoko Dar es Salaam na seva iliyoko Marekani unachukua milisekunde 250. Kufungua muunganisho ni safari moja, kukubaliana usimbaji ni nyingine, kuomba ukurasa ni ya tatu. Milisekunde 750 zimekwisha na seva bado haijafanya kazi yoyote. Kutafuta anwani ya seva kwa jina la tovuti (DNS) hatujakuhesabu.

Kwa hiyo seva iwe karibu na wasomaji, wala si karibu na mwenye tovuti. Kampuni ya utalii ya Arusha ambayo wateja wake wanatafuta wakiwa Ujerumani na Uingereza, seva ya Ulaya inaifaa kuliko ya Dar es Salaam. Gazeti linalosomwa Mwanza na Mbeya, ni kinyume.

Usipoweza kuhama, weka CDN mbele ya tovuti, yaani mtandao wa seva unaotunza nakala karibu na wasomaji. Cloudflare ina mpango wa bure, na ina vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Lakini angalia hapa ndipo wengi hukwama: bila kuigusa, Cloudflare huhifadhi picha na faili za mtindo (CSS) na skripti, haihifadhi ukurasa wenyewe. Ukurasa bado unasafiri hadi seva ya mbali. Inabidi uongeze kanuni ya kuhifadhi kurasa, na kwenye kanuni hiyo uondoe `/wp-admin`, kikapu, malipo, na mtu yeyote aliyeingia kwa akaunti.

Onyo: ukisahau kuondoa kikapu na akaunti, mteja mmoja anaweza kuonyeshwa jina na oda ya mwenzake. Hilo si kosa dogo.

Ndani ya WordPress fanya mawili. Kwanza, pandisha PHP, lugha inayoendesha WordPress, hadi toleo la 8 linaloendelea kupata marekebisho ya usalama. Hubadilishwa kwenye paneli ya hostingi. Jaribu kwenye nakala kwanza, kwani themu (violezo vya mwonekano) za zamani huweza kutoa ukurasa mweupe. Pili, weka plagini moja ya kache, inayohifadhi kurasa zikiwa tayari ili seva isizijenge upya kila mara. Kama seva yako inatumia programu ya LiteSpeed, tumia LiteSpeed Cache, kwa sababu inazungumza na seva moja kwa moja. Kama si hiyo, WP Super Cache inatosha kwa tovuti nyingi.

Moja, si mbili. Kache mbili hugombana: moja inafuta, nyingine inarudisha ya zamani, na wewe unabadilisha bei asubuhi na mteja anaona ya juzi hadi jioni.

Kupima: fungua dirisha la faragha la Chrome, bonyeza F12, nenda Network, pakia ukurasa mara mbili, kisha bofya mstari wa kwanza kabisa na uangalie muda wa kusubiri seva. Dirisha la faragha ni la lazima. Ukiwa umeingia kama msimamizi, plagini nyingi za kache hazikupi kurasa zilizohifadhiwa, na utadhani hazifanyi kazi.

Umefanikiwa ukiona chini ya milisekunde 800 kwenye aina zote nne za kurasa. Ikibaki juu hata baada ya kache, seva imejazwa tovuti nyingi kupita uwezo wake. Hakuna plagini ya kuiponya. Hama.

## Hatua ya 5: Picha ya juu

Hapa ndipo LCP nyingi hufia, kwa hiyo usiharakishe.

Shuka chini kwenye PageSpeed Insights utafute panapoonyesha kitu kilichohesabiwa kama LCP. Usikisie. Wakati mwingine ni kichwa cha habari, yaani maandishi, na hapo kubana picha hakutakusaidia chochote. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya fonti chini.

Kama ni picha, tazama ukubwa wake. Picha iliyotoka kwenye simu na kupakiwa hivyohivyo huwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 4. Mtandao wa jaribio la maabara ni megabiti 1.6 kwa sekunde. MB 4 ni megabiti 32. Gawanya: sekunde 20. Picha hiyohiyo ikiwa na upana wa pikseli 800, kwa WebP (aina nyepesi ya faili la picha), yenye KB 80, inashuka kwa sekunde 0.4.

Punguza vipimo kwanza, uzito baadaye. Kioo cha simu nyingi kina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari, na msongamano wa mara mbili. 360 mara 2 ni 720. Picha ya pikseli 800 inatosha simu, na ya 1600 inatosha kompyuta. Kubana ubora wa picha ya pikseli 4000 bila kuipunguza ni kupunguza mzigo kwa kubadilisha gunia.

Badili iwe WebP, ubora 75. WordPress inapokea WebP tangu toleo la 5.8. Lenga chini ya KB 100 kwa ya simu na chini ya KB 200 kwa ya kompyuta. Mabango yenye maandishi madogo, yale ya kutuma WhatsApp, huchafuka kwenye 75. Yaweke 85. Au bora zaidi, toa maandishi kwenye bango uyaandike kwenye ukurasa wenyewe, maana maneno yaliyofungiwa ndani ya picha usiyategemee Google iyasome kama inavyosoma aya.

Iwekwe kama picha, isiwekwe kama mandharinyuma. Vijenzi vya kurasa hupenda kuweka picha ya juu ndani ya faili la mtindo. Kivinjari hakijui ipo hadi kimalize kusoma faili hilo, na hakipewi chaguo la picha ndogo kwa simu. Tumia kipande cha picha cha kawaida. Ukiandika kwa mkono, iwe hivi:

```
<img src="duka-800.webp"
     srcset="duka-800.webp 800w, duka-1600.webp 1600w"
     sizes="100vw" width="1600" height="900"
     fetchpriority="high" alt="Rafu za vifaa vya ujenzi dukani">
```

Usiiahirishe. Kuahirisha picha hadi msomaji ateremke ni jambo zuri kwa picha za chini. Kwa picha ya juu ni sumu, kwani kivinjari kinaambiwa kisubiri kitu ambacho tayari kiko mbele ya macho. WordPress tangu 6.3 hujaribu yenyewe kuipa picha ya juu kipaumbele, lakini plagini za kasi huja juu yake na kuahirisha zote. Ingia kwenye mipangilio ya plagini, tafuta mahali pa kuziondoa picha za mwanzo kwenye kuahirishwa, uandike 1 au 2. Kisha fungua msimbo wa ukurasa na uhakikishe kwamba kwenye picha hiyo hakuna `loading="lazy"`.

Toa mapambo. Vitu vitatu huua LCP hata picha ikiwa na KB 50. Slaida inayozungusha picha tano, ambayo karibu hakuna anayeifuata zaidi ya ya kwanza. Picha inayojitokeza polepole kama ukungu ukiondoka, ambayo haihesabiwi kuwa imeonekana ingali haionekani. Na kile kiduara kinachozunguka kabla tovuti haijafunguka. Hicho cha tatu ni pazia tu: ukurasa uko tayari nyuma yake, nawe unamwonyesha mgeni mlango umefungwa.

Fonti. Kama kitu cha LCP ni maandishi, weka fonti kwenye seva yako badala ya kuzichota mbali, ziwe WOFF2 (aina nyepesi ya faili la fonti), uzito mbili tu (wa kawaida na mzito), na kwenye mtindo wake uandike `font-display: swap` ili maneno yaonekane kwa fonti ya simu wakati yako inashuka. Kiswahili hakihitaji herufi zaidi ya Kilatini cha kawaida, kwa hiyo chukua kifurushi cha Kilatini peke yake. Ukitaka kuacha fonti za mapambo kabisa na kutumia za simu, hakuna msomaji atakayelalamika.

Umefanikiwa ukiona LCP ya maabara chini ya sekunde 2.5. Ikiwa 3 huku seva na picha ziko sawa, kinachobaki ni skripti zinazozuia ukurasa kuchorwa.

## Hatua ya 6: Skripti

Chukua ile simu ya bei ya chini. Fungua makala kwa bando, na mara tu menyu inapoonekana, iguse. Ikikaa kimya, kisha ikafunguka kwa ghafla, hapo umeiona INP kwa macho yako. Simu ilikuwa imebanwa na skripti, haikuwa na nafasi ya kusikia kidole.

Skripti hizo nyingi hukuziandika wewe, zimekuja na plagini. Kwenye nakala ya majaribio, zima plagini moja, pima maabara, andika muda wa TBT, iwashe, uende nyingine. TBT ni kipimo cha maabara cha muda ambao kivinjari kilibanwa. Si INP, ila ndicho kinachoikaribia. Lenga milisekunde 200 au chini.

Utakaowakuta mara nyingi ni hawa:

Kitufe cha WhatsApp. Watu hupakua plagini nzima kwa ajili ya kitufe kimoja. Kiungo cha kawaida kinafanya kazi ileile bila skripti yoyote: `https://wa.me/255XXXXXXXXX`, namba ikianza na msimbo wa nchi bila alama ya jumlisha. Kipake rangi ya kijani, basi.

Ukuta wa Facebook uliopachikwa pembeni. Toa. Weka kiungo.

Video ya YouTube iliyopachikwa. Weka picha yake yenye alama ya kucheza, na mchezaji apakiwe tu msomaji akigusa.

Vihesabu wageni viwili au vitatu, masalia ya mafundi waliopita. Baki na kimoja.

Matangazo ndiyo magumu, kwa sababu ndiyo yanayolipa. Usiyatoe, punguza idadi kwenye kioo cha kwanza na uangalie mapato kwa wiki mbili kabla ya kuamua.

Zinazobaki zipe `defer` ili zisubiri ukurasa usomwe kwanza. Plagini nyingi pia zina chaguo la kuchelewesha skripti zote hadi msomaji aguse kitu.

Onyo: chaguo hilo la kuchelewesha hupandisha duara haraka sana, na ndiyo sababu ya wengi kupata 95 ya uongo. Mguso wa kwanza wa msomaji ndio unaoamsha skripti zote kwa pamoja, kwa hiyo menyu inahitaji kuguswa mara mbili na INP ya wasomaji inazidi kuwa mbaya. Ukilitumia, ondoa menyu, fomu, kikapu na malipo kwenye orodha ya vinavyocheleweshwa. Kisha fanya ununuzi mmoja kamili kwa simu, hadi ujumbe wa malipo ufike.

## Hatua ya 7: Vitu vinavyoruka

Kila picha na kila video iwe na `width` na `height` kwenye msimbo wake. Kivinjari hutenga nafasi kabla picha haijafika.

Tangazo litengewe kisanduku. Kwa tangazo la 300 kwa 250, kisanduku chenye `min-height: 280px` kinatosha pamoja na maandishi yake madogo. Lisipokuja, patabaki wazi, na pengo halina madhara kwenye CLS.

Bango la taarifa au la punguzo lisisukume ukurasa chini, likae juu yake kwa chini ya kioo.

Kitu kimoja kinachowachanganya wengi: maabara inaonyesha CLS 0, wasomaji wanaonyesha 0.3. Maabara hufungua ukurasa bila kuteremka. Wasomaji wanateremka, na matangazo ya katikati ya makala yanaruka huko chini. Fungua paneli ya Performance ndani ya F12, ambayo huonyesha LCP, INP na CLS papo hapo, kisha teremka taratibu hadi mwisho. Namba ikipanda ghafla, simama: kilichoingia sasa hivi ndicho mkosaji.

## Hatua ya 8: Weka hewani, kisha subiri

Hamisha marekebisho kwenye tovuti halisi. Futa kache ya plagini, kisha ya CDN, kwa mpangilio huo. Ukianza na CDN, itachota tena ukurasa wa zamani kutoka kwenye plagini. Pima maabara uhakikishe namba ni zilezile za kwenye nakala. Ingia Search Console, fungua kundi lililokuwa linaanguka, uombe marekebisho yathibitishwe.

Kisha subiri siku 28. Data ya wasomaji ni dirisha linalosogea siku kwa siku. Siku ya 14 nusu ya ziara zilizomo bado ni za tovuti yako ya zamani, kwa hiyo kipimo kikiwa katikati usikate tamaa wala usianze kubadilisha themu. Ukibadilisha kitu kikubwa katikati, umeanza kuhesabu upya.

Baada ya siku hizo, fungua ripoti ya matokeo ya utafutaji, chuja simu, ulinganishe siku 28 za baada na 28 za kabla. Angalia nafasi ya wastani ya kurasa ulizorekebisha, ukurasa kwa ukurasa, usiangalie tovuti nzima. Na ujihadhari na msimu: wiki ya matokeo ya kidato cha nne au mwezi wa Ramadhani hubadilisha utafutaji wa watu kabisa, nawe unaweza kuisifu picha ya KB 80 kwa kazi iliyofanywa na kalenda. Vilevile angalia kama Google ilitangaza sasisho kubwa ndani ya kipindi hicho.

## Vipimo vyote ni vya kijani na nafasi haikusogea

Chukua maneno matano ya utafutaji ambayo uko kati ya nafasi ya 8 na 20. Yatafute kwenye dirisha la faragha, uchukue kurasa tatu za juu kwa kila neno, uzipitishe PageSpeed Insights, usome sehemu ya juu tu.

Wakiwa nao ni wa kijani, mko sawa kwa kasi, hapo hakuna tena cha kuchuma. Wakiwa wekundu na bado wako juu yako, fungua kurasa zao usome. Utakuta wameandika bei ya mfuko, tarehe, aina tatu za saruji na gharama ya kufikisha Nyegezi, na wewe umeandika "wasiliana nasi kwa bei nafuu". Siku nne zinazofuata zitumie kuandika bei.